Kondoo wa Uholanzi

Mwalimu Sooronbai alikuwa na miaka kumi na moja akifundisha jiografia, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Bishkek, mji mkuu, kung'olewa jino. Hilo halikumzuia kuizungumzia dunia kama mtu aliyeipima kwa miguu.

Siku hiyo roho ilikuwa juu. Mkaguzi Esenkul alikaa dawati la nyuma, kofia ya manyoya magotini. Somo likiharibika, jiografia ingekwenda kwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mazoezi yangekuja kwa Sooronbai. Na tumbo lile! Hata kamba za viatu alifungwa na mkewe.

"Leo Uholanzi," akaunguruma. "Nchi bapa kama mkate. Mlima hata wa dawa hamna."

Kanyshai, binti wa mchungaji, akanyoosha mkono. "Sasa kiangazi kondoo wanawapandisha wapi, mwalimu?"

"Hawapandishi."

"Jamani!" Darasa zima likaguna kama limeletewa habari ya msiba. Watoto wale kila Juni walifungasha mahema na kupanda malishoni mlimani na kijiji kizima. Kumwacha kondoo bondeni na joto lile, mtu huyo ana akili kweli?

"Kwani hawana huruma?" Kanyshai hakumwachia.

Sooronbai akajikuna sikio. Kitabu kilikuwa na mistari sita juu ya Uholanzi, na wa kondoo haumo. "Wana... wanakodi milima. Uswisi huko."

"Uswisi?" Mkaguzi alikuwa ameshasimama. Akaja mpaka kwenye ramani, akapima kwa shubiri. "Haya yote kwa miguu? Na vitoto vya miezi mitatu? Bwana wee, mimi nimechunga mpaka nikaota ndevu. Huko itafika mifupa tu. Sema kweli."

Sooronbai akashusha mkono sikioni. "Sijui, mzee. Nimetunga."

"Mi nilijua!" Kanyshai akaruka. "Akitunga anajikuna sikio!"

Mkaguzi akafunga daftari. "Jiografia baki nayo."

"Mzee?"

"Baki nayo mpaka uniletee jibu. Nitalalaje nikiwaza mifugo ya watu? Huyo mwenzako ni mtu wa mpira, kondoo hajui mbele wala nyuma."

Sooronbai akaingia chumba cha walimu kifua mbele.

"Vipi, umepona?" wenzake wakamuuliza.

"Amenisihi nisiiache jiografia," akasema, akijimiminia chai. "Nimemwambia nitafikiria."