Kamba ya Kuku Mgeni

Siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na siku hiyo haikuwa na ngoma wala nguo mpya. Ilikuwa na kuku. Nimekuona asubuhi hii ukishuka kwenye pikipiki na kuku wawili wa sokoni wamening'inia kichwa chini, na tayari unatafuta pa kuwaachilia katikati ya kuku wangu. Wawekee maji pale kivulini kwanza, bila kuwafungua, kisha ukae hapa. Nitasema taratibu, kwa kuwa jambo hili mimi nilijifunza kwa haraka.

Niliolewa hapa Kiringye nikitoka Kalundu, bandarini. Kwetu tulijua samaki. Ndagala akishaanikwa hakimbii, wala hangoji kuitwa jioni. Kuku nilimjua akiwa ndani ya sufuria. Kwa mama mkwe wangu nikakuta kuku wanaolala nyumbani na kushinda nje, wakichakura kwenye mabua ya mpunga uliovunwa, chini ya mihogo, nyuma ya jiko, popote penye mdudu. Asubuhi aliwafungulia umande ukishakauka. Jioni aliwarushia pumba kidogo ya mahindi, si ya kuwashibisha, ni ya kuwakumbusha njia. Alikuwa mjane. Shamba lilikuwa mikononi mwa ndugu za marehemu, na nyumba ilikuwa ya mwanawe, yaani mume wangu. Kuku tu ndio walikuwa wake, kitu alichoweza kuuza au kuchinja bila kuomba ruhusa ya mtu.

Siku hiyo ya soko akaninunulia kuku jike mwekundu kutoka kwa mwanamke aliyeshuka na njia ya Lemera.

"Hii ni ya kwako," akaniambia. "Uifunge kamba ku muguu, ikae kule nyuma ya jiko, peke yake. Usiichanganye na zingine mpaka nikuambie."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo kwake yalikuwa hotuba. Akafunga safari kwenda kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa, akatuacha nyumbani mimi na wifi yangu Furaha.

Furaha alikuwa uani akipeta mchele. Aliponiona nimepiga magoti na kipande cha kitenge, nahangaika na mguu wa kuku, alicheka. "Eh! Kuku mugeni hakosi kamba ku muguu!" Methali hiyo unaijua. Lakini bibi arusi mpya ana masikio marefu, na mimi nilisikia jina langu ndani yake. Kuku ni mimi, kamba ni ukwe. Nikakumbuka ziwa, nikamkumbuka mama yangu, nikalia pale pale nyuma ya jiko. Kisha nikaona heri hasira kuliko machozi. Nikafungua kamba, nikamwachia yule kuku katikati ya wenzake.

Hakwenda popote. Majike wakubwa walimdonoa, jogoo akamkaribisha, jioni akaingia kulala pamoja nao kwenye ufito mmoja wa kulalia. Nikajiona nimeshinda.

Kabla mama mkwe hajarudi, yule mwekundu akaanza kupiga chafya. Mabawa yakalegea, kinyesi kikawa cha kijani. Kisha jogoo. Kisha majike, mmoja baada ya mwingine, shingo zikipinda. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na wenyeji wakafa.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni akatazama uwanja. "Ni nani alifungula hii kuku?"

"Ni minye, mama." Nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga, nikingoja kurudishwa Kalundu.

"Juu ya nini?"

Nikamweleza ile methali, na jinsi nilivyosikia kwamba nasemwa mimi.

"Mutoto wangu," akasema, "minye nilisema kuku. Siku nitataka kukusema weye, nitakuita jina. Ile kamba ilikuwa tuone kama iko na ugonjwa. Kuku ya soko inatembea na magonjwa ya soko." Akakaa chini, na sauti ikabadilika. "Lakini na minye nilikosa. Nilikupa kamba, sikukupa sababu yake."

Akalia. Niliona aibu, mwanangu, na aibu hiyo sijaimaliza.

Jirani mmoja akaja na shauri lake. Walikuwa wamebaki majike wawili wanaosimama bado. "Uzishe hizi mbili leo, mama, mbele zianguke. Upate hata kitu kidogo." Mama mkwe hakuwa na kitu kingine duniani. Alifuta macho, akamjibu, "Njo vile ile ya Lemera ilitufikia." Yaani ndivyo yule mwekundu alivyotufikia, akiuzwa na ugonjwa wake. Mama mkwe hakuwauza. Walipokufa tuliwazika pamoja na wengine, shimo refu, majivu juu, na mbwa wa mtaa wakaambulia harufu.

Alibaki mmoja tu, jike wa madoadoa aliyekuwa akiatamia kwenye kikapu chumbani kwa mama mkwe, mbali na uwanja. Akanikabidhi mimi. Mimi! Nilinawa mikono na miguu kwa sabuni kila nilipomwendea, nikampelekea maji na mahindi yake, nikapiga magoti kumsikiliza kama anakohoa. Hakukohoa. Mayai yalipoanguliwa, mama mkwe aliinama akahesabu vifaranga kimya, kisha akaniambia nifungue zile nguo. Hao unaowaona uani ni wajukuu wa wajukuu wa madoadoa.

Miaka mingi baadaye, mimi na Furaha tukiwa wazee wote wawili, nilimwuliza siku ile alikuwa akimsema nani. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Weye, bila shaka!" Kumbe masikio yangu yalisikia sawasawa. Lakini kuku walikufa vilevile.

Basi sikia. Kuku mgeni mtenge, na chombo chake na maji yake, wiki mbili au tatu, umtazame macho, mabawa na kinyesi. Kabla ya kiangazi mwite veterineri awatie kuku wazima tone la chanjo jichoni. Sisi hatukuwa nalo. Anayekufa mzike, usimuuze, usimtupe njiani. Ukimpa mtu kamba, mpe na sababu. Na neno likikuchoma, hata kama kweli limetupwa kwako, usilijibu kwa kuku wa mtu mwingine. Hasira ni yako, hasara ikaenda kwa mjane.

Mungu akulindie mlango wako, mwanangu. Kuku wako watoke asubuhi wazima, jioni warudi bila kuitwa, na kila aliyeingia kwako mgeni azeeke mwenyeji, kama mimi. Haya, walete hao wawili. Kamba iko pale nyuma ya jiko.