Siku Niliyomcheka Daktari Akinionyesha Mtoto Wangu

Bon, chekeni tu, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa 2015, tunaishi mtaa wa Newburg hapa mjini Louisville, nina mimba ya Baraka, na kwa sababu nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee nilijiona Kiingereza nimeshakimaliza, donc nilipoenda kupigwa picha ya tumbo wakaniuliza kama nataka mkalimani, nikakataa (mkalimani wa nini, mimi?). Daktari akatazama kioo cha mashine, kisha akaanza kunieleza polepole, na katika maneno yake yote nilikamata moja tu, bowel, ambalo kazini tunalisema kila siku tukiulizana mzee gani amepata choo. Nikajua mtoto amejisaidia tumboni. Nikacheka! Nikamwambia asijali, watoto ndivyo walivyo. Akaniuliza kama nina swali, nikasema sina, na miadi aliyonipa ya wiki iliyofuata sikuenda.

Kanisani nikawasimulia kina mama, tukacheka mpaka machozi.

Hospitali ikapiga simu: njoo na familia. Nikadhani wanataka kutuambia kama ni mvulana, nikaenda na mume wangu, mamamkwe, na mama wawili wa kwaya waliovaa vitenge vya sherehe. Safari hii waliweka mkalimani kwenye simu, mama mmoja Mrundi.

“Mama, daktari anasema tumbo la mtoto lina tundu karibu na kitovu. Utumbo wake umetokea nje.”

“Unakosea,” nikamwambia mbele ya wote. “Ni choo.”

“Hapana, mama. Bowel hapa ni utumbo.”

Wale wa kwaya walikuwa wanatabasamu, wakaacha. Mamamkwe akanigeukia, “Umemfanya nini mtoto?” na mkalimani akatafsiri hata hilo (ndiyo kazi yake), na daktari akamjibu yeye moja kwa moja: hakuna alichofanya mama, hutokea tu, mtoto atazaliwa hapa, tutaufunika utumbo, daktari wa upasuaji ataurudisha ndani. Mamamkwe akafungua kitenge chake cha juu akanifunika.

Na ndivyo ilivyokuwa. Baraka alifanyiwa upasuaji, akakaa hospitalini wiki nyingi akilishwa kwa mshipa, na siku aliponyonya kwa mara ya kwanza nililia kuliko siku aliyozaliwa.

Siku hizi mtu akiniuliza kama nimeelewa, nasema sijaelewa, hata ninapodhani nimeelewa, kisha nakaa nasubiri aje mtu wa kuniambia kwa lugha yangu.