Kitabu Kilichotupwa Bandarini

Clement Yeo alizaliwa Hartcombe, pwani ya kaskazini ya Devon, katika ukoo ambao haujapata kuwa na kazi nyingine ila kuvua samaki. Bahari ikamkataa mapema. Mara ya kwanza baba yake, Mzee Reuben, alipomchukua botini alitapika kuanzia kutoka mpaka kurudi. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu Mzee Reuben hakumwamsha. Watu wa Hartcombe hawana huruma katika mambo hayo. Wakambandika jina la Ndoo, ile ya kutapikia, na mpaka leo wapo wanaomwita hivyo.

Basi akaipenda bahari kwenye karatasi. Alisoma, akapata kazi ya kufundisha chuo kikuu huko Exeter, na likizo zake zote akazimalizia kwenye vyumba vya nyaraka, akipekua kesi za maharamia wa zama za Malkia Elizabeti wa Kwanza. Vitambaa vya kuziba jicho moja na masanduku ya dhahabu havikumshughulisha. Alichotaka kujua ni nani waliokuwa wakinunua mali ya wizi. Jibu lake, alilolirudia kitabu baada ya kitabu, ni kwamba haramia si kitu bila mteja wa nchi kavu: mwenye kilabu cha pombe, mjane mwenye ghala, hakimu anayependa divai ya bure. Wasomi waliisifu hoja hiyo. Wasomaji wakaenda kununua vitabu vya watu wengine, vyenye dhahabu.

Kila kitabu kilipotoka alituma nakala nyumbani. Mama yake, Thirza, alikipanga kabatini kando ya Biblia na sahani za harusi yake, akawa anakifuta vumbi kila Jumamosi. Clement akipiga simu huuliza, kama jambo la kupita tu, iwapo baba amekifungua. Mama hujibu kwamba baba yuko baharini, au amelala, au kwamba wewe mwenyewe si unamjua baba yako. Mtu mzima mwenye mvi, anayeheshimiwa na wanafunzi, na alichokuwa akikitamani kuliko sifa zote ni mzee mmoja asome japo kurasa kumi za kazi yake.

Kitabu cha nne kilihusu kisiwa cha Lundy, ambacho huonekana kutoka dirisha la jikoni kwa kina Yeo mvua isiponyesha. Maharamia walijificha kule, na Clement alieleza kwa kirefu walivyoishi kwa nyama ya sungura. Nimemtaja mara moja, tena niko nchi kavu, sirudii. Mvuvi wa pwani yetu hatamki jina la mnyama huyo, wala hapandi boti siku aliyolisikia au kumwona. Ikibidi sana husema Masikio. Sababu hatuijui. Tunachojua ni kwamba babu zetu hawakulitamka, nao walirudi nyumbani.

Clement aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma, lakini Exeter ilikuwa imemsahaulisha. Mchapishaji akachora jalada zuri: kisiwa, mawimbi, na mbele kabisa Masikio mkubwa, amekaa wima akinusa upepo. Clement akalipenda. Na kwa kuwa kitabu hiki kilikuwa cha bahari ya baba yake, hakukituma. Alikileta mwenyewe, asubuhi, gatini, boti zote zikijiandaa kutoka.

Alimkabidhi baba yake mbele ya watu. Mzee Reuben akalitazama jalada. Jabez Prust, baharia wake wa miaka mingi, akachungulia begani, kisha akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Ndoo, umetuletea nini wewe?"

"Ni kitabu tu, Jabez."

"Naona ni kitabu, na naona kilichokaa juu yake. Mzee, mimi leo sitoki. Nakwenda kulala."

Wa boti ya jirani wakasikia, nao wakaanza kufunga kamba. Haukupita muda, bandari nzima ikawa imesusa, siku ya bahari shwari na vibua tele. Mzee Reuben hakugomba. Alikishika kitabu kwa vidole viwili, akakitupa majini, akanawa mikono, akapanda kilima kwenda nyumbani bila kumtazama mwanawe. Mwacha mila ni mtumwa. Clement aliyaona hayo machoni mwa kila aliyempita pale gatini.

Akaandika vitabu vingine viwili. Hakuvituma. Alijiambia anamwepushia mzee usumbufu, lakini ukweli ni kwamba alikuwa amesusa, na kwa kususa ukoo wa Yeo hauna mpinzani. Krismasi alikuja, wakala bata bukini, wakazungumzia upepo na bei ya samaki. Habari ya vitabu haikuguswa, na kila mwaka alirudi Exeter moyo ukimuuma.

Mwishowe magoti ya Mzee Reuben yakagoma, boti ikauzwa, na Clement akaja kusaidia kuhamisha vitu. Boti ikiwa imefungwa, hata yeye aliweza kusimama ndani. Mzee alikaa juu gatini kwenye kreti la samaki, akitoa amri. Kwenye kibanda cha usukani, ndani ya kasha la dawa, Clement alikuta kitu kimefungwa kwa kipande cha turubai. Kilikuwa kitabu chake cha Lundy.

Hakikuwa kile kilichotupwa. Hiki kilikuwa na muhuri wa duka la vitabu la Barnstaple, na mzee yule hakuwahi kununua kitabu kingine maishani mwake. Jalada lilikuwa limechanwa. Kila penye jina la yule mnyama palikuwa pamefutwa kwa wino, na juu yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema, pameandikwa Masikio. Ilikuwa hivyo mwanzo, katikati na mwisho, hata kwenye faharasa ya kurasa za nyuma, ambayo wahakiki wenyewe hawaifungui. Kurasa zilikuwa na grisi, na magamba ya vibua yamekaukia pembeni.

Akapanda gatini nacho mkononi.

"Umekisoma, baba."

"Wavu ukishakuwa majini, mtu afanye nini?" Mzee alisema. "Ila yule bwana umemtaja mno. Huko nyuma ndiko ulikozidisha. Ilinibidi nikisafishe kwanza nyumbani ndipo nikipandishe botini."

"Jabez je?"

"Kakisoma mara mbili. Anasema yule mjane mwenye ghala ni bibi wa mababu zake, anajidai mji mzima."

Mzee akageukia maji.

"Mama yako aliniambia kuna vingine viwili."

"Vipo."

"Yumo?"

"Hayumo."

"Sasa mbona hukuvileta?" Mzee Reuben aliuliza. "Vile vya kabatini mama yako hataki nivishike kwa mikono hii. Miaka yote nasoma kimoja hichohicho."