Bonyeza na Ngoma ya Jeconia

Jina lake la ubatizo ni Billy Oyoo, lakini ukifika Gatina, Kawangware, ukaulizia Billy Oyoo, watu watakutazama tu. Ulizia Bonyeza. Hapo hata mama wa mahindi ya kuchoma atakuelekeza ghorofa ya tatu, mlango wa chuma wenye rangi ya buluu iliyobambuka. Jina hilo alipachikwa na Wagaki, mwalimu wa kwaya, mwanamke asiyejua kumeza neno. Siku ya kwanza alipomwona Billy akigusa kitufe kimoja cha kinanda, na papo hapo ngoma na besi na gitaa zikaanza kulia zenyewe, Wagaki alikunja mikono kifuani akasema mbele ya kwaya nzima, "Kumbe wewe hupigi. Wewe unabonyeza tu!"

Kwaya ilicheka mpaka wengine wakaketi. Billy naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini lile neno lilimwingia likakaa. Aliipigia kwaya hiyo miaka sita, mkono wa kushoto ukiiambia mashine iende wapi, wa kulia ukiimba juu yake, na bado kila akijitetea alishindwa.

"Dereva wa lori mbona hamumwambii ashuke asukume?" aliwahi kumuuliza Wagaki.

"Dereva hajiiti injini," Wagaki akamjibu, akaendelea kupanga daftari zake za nyimbo.

Jibu hilo lilimkata maini, kwa sababu Billy alijua jambo ambalo Wagaki hakulijua. Ngoma iliyokuwa ndani ya kile kinanda, ile iliyowainua akina mama vitini kila Jumapili, haikutoka kiwandani. Ilikuwa ya mtu, na huyo mtu alikuwa na jina.

Aliitwa Jeconia. Alikaa Gatwekera, Kibera, chumba kimoja na mkewe Risper na binti yao Celine, na ngoma zake za ohangla, zile za Wajaluo, zilijaa chumba hicho hata kitanda kikasukumwa ukutani. Kama hukuwahi kumsikia, pole. Jeconia akipiga, hata mtu aliyekuja kwenye sherehe na kisirani chake angejikuta bega limeanza kazi bila kumwomba ruhusa. Billy alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa akitoka Kawangware kwa miguu mpaka Kibera kila Jumamosi, aketi tu karibu na yule mtu. Jeconia alimpa ngoma ajaribu. Wacha! Mikono ya Billy ilikuwa inakimbia mbele ya wimbo.

"Mikono yako ina haraka, omera," Jeconia alimwambia, bila kumcheka. "Lakini masikio uko nayo. Tafuta kitu cha masikio."

Ndivyo Billy alivyoangukia kinanda. Na miaka tisa iliyopita, asubuhi moja, alirudi Gatwekera na simu na ombi. Alitaka kumrekodi Jeconia akipiga, akate kipande kwenye kompyuta, akitie ndani ya kinanda kiwe kinajirudia. Jeconia aliona ni mchezo mzuri. Akaketi kwenye stuli, akapiga. Alikuwa katikati, ngoma imekolea kabisa, Risper akafungua mlango na chupa ya chai mkononi. Jeconia hakusimama. Ila kidole kimoja kiligonga ukingo wa ngoma mara mbili, kidogo tu, ti-ti, halafu mikono ikaendelea na safari yake.

"Mwalimu, hapo umeteleza," Billy alisema walipomaliza. "Turudie."

"Sijateleza. Wacha hapo hapo."

Billy akaacha. Alidhani mzee amechoka.

Kipande kile akampa rafiki mmoja kwenye flashi. Rafiki akampa mwingine. Haikuchukua miaka miwili, kila harusi na kila matanga kutoka Kibera mpaka mtaa wa Satellite palikuwa panalia ngoma ile ile, na ile ti-ti yake ndani, vijana wakidhani ndivyo mdundo ulivyo. Na kikundi kilichokuwa kinakuja na wapigaji watano kikawa sasa kinakuja mtu mmoja na spika mbili. Simu ya Jeconia ikanyamaza. Ngoma zikapanda juu ya kabati, yeye akashuka Satellite kwenye mjengo, kubeba mawe na kuchanganya simiti. Mikono ile, jamani. Ikapasuka kama ukuta uliopigwa lipu vibaya.

Billy alimwona siku moja. Alikuwa anapiga kwenye harusi huko Satellite, na ng'ambo ya ua wa mabati akasimama mtu mwenye gambuti zilizojaa simiti, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Alikuwa Jeconia, anajisikiliza mwenyewe. Billy akainua mkono. Jeconia akapunga wa kwake, akacheka kile kicheko chake kikubwa.

"Naskia leo niko kazini!" alipaza sauti, akarudi kwa mawe yake.

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa heri angesema kwa ubaya! Billy alishindwa kula chakula cha harusi. Aliapa kwamba atakwenda Gatwekera wiki hiyo hiyo amwombe msamaha. Hakwenda. Kila wiki ilikuja na sababu yake, na sababu ukizitafuta hazikosekani. Kisha Jeconia akashikwa na kifua, akalala hospitali siku nne, ya tano hakuamka.

Risper ndiye aliyempigia. "Baba Celine atapitia hapa Alhamisi saa sita, akitoka mochari. Saa saba gari linaanza safari ya kwao Siaya. Nataka asindikizwe na muziki, Billy. Njoo na kinanda."

"Nitakuja, Mama Celine."

Siku tatu zile Billy hakulala vizuri. Alifanya mazoezi mpaka vidole vikauma. Msamaha alikuwa amechelewa kuuomba kwa mdomo, kwa hiyo angeuomba kwa kupiga. Na ukweli usemwe, kulikuwa na kingine pia. Alitaka watu wote wa Kibera waone kwamba yeye ni mpigaji wa kweli na kwamba Jeconia hakupoteza muda wake kwa mtu wa kubonyeza. Alijitungia mapambo ya mkono wa kulia, ya kupanda na kushuka, ambayo hata Wagaki akiyasikia angefunga mdomo.

Alhamisi alifika mapema, akavuta waya wa stima kutoka kwa kinyozi, akasimamisha kinanda kando ya uwanja mdogo mbele ya nyumba. Hajamaliza, Boaz akamjia. Boaz alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, ametoka Siaya jana yake, mwanamume mrefu mwenye kofia nyeusi na macho mekundu ya kilio.

"Wewe ndiye Bonyeza?"

"Ndiyo, mzee."

"Funga hiyo kitu yako. Ndiyo imemla ndugu yangu. Alikuwa anapiga ngoma, mkamweka kwa mashine, mkamtuma kubeba mawe. Sasa leo tena mumzikie nayo? Yawa! Hamna hata aibu?"

Kila neno lilikuwa la kweli. Billy akakunja waya taratibu, akasimama kando na kinanda chake kama mtu aliyekuja na mzigo nyumba isiyo yake.

Boaz alikuwa ametafuta wapigaji tangu jana. Mmoja alisharudi nyumbani, yuko shambani. Wa pili aliuza ngoma zake zamani. Ngoma za Jeconia mwenyewe ziliteremshwa kutoka kabatini, na ngozi zilikuwa zimetafunwa na panya. Kwa hiyo gari la maiti lilipofika saa sita na dakika ishirini, jeneza likawekwa juu ya viti viwili, na watu wakasimama kulizunguka bila kujua la kufanya. Akina mama walianzisha wimbo ukakatika, wakaanzisha mwingine ukakatika. Mpiga ngoma mkubwa wa Gatwekera alikuwa anaondoka kimya, na kila aliyekuwepo aliona haya.

Risper akatoka kando ya jeneza. Alitembea mpaka kwa shemeji yake.

"Shemeji, mimi nimekuheshimu kwa kila kitu tangu jana. Kwa hili nisamehe. Hatatoka hapa kimya. Billy, washa."

Boaz aligeuza uso akatazama mabati.

Billy alichomeka waya. Alibonyeza kitufe, ngoma ikaingia, na watu wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Akaweka mkono wa kushoto, akaweka wa kulia, akaanza yale mapambo yake ya siku tatu. Yalikuwa mazuri, sitamnyima haki yake. Vijana waliokuwa nyuma walianza kutikisa vichwa.

Ndipo ile ti-ti ikafika.

"Nimeskia," akasema Risper.

Alisema polepole, kama mtu anayejibu akiwa jikoni. Billy alimtazama. Ngoma ikazunguka, ikarudi pale pale. Ti-ti.

"Nimeskia, Baba Celine."

Billy aliona mlango wa miaka tisa iliyopita, aliona chupa ya chai. Sijateleza. Wacha hapo hapo. Aliinua mkono wa kulia kutoka kwenye kinanda, kisha wa kushoto, akaiweka yote miwili nyuma ya mgongo. Besi ikanyamaza, gitaa likanyamaza. Ikabaki ngoma peke yake, kavu, ya mtu aliyeketi kwenye stuli katika chumba kidogo.

"Mbona umeacha kupiga?" Boaz akamuuliza kwa ukali.

"Huyu ni Jeconia, mzee. Mimi sina cha kuongeza. Na nilimkosea. Nilitaka kumwambia akiwa hai, nikachelewa. Nisamehe wewe kwa niaba yake."

Boaz alimgeukia Risper. "Hiyo ya kugonga mara mbili ni nini?"

"Ni mimi," Risper akasema. "Akiwa anapiga na mimi nifungue mlango, mikono haikuwa inaacha ngoma. Alikuwa ananisalimia hivyo. Mimi namwambia nimeskia. Miaka ishirini na miwili."

Mwanamume yule mrefu akavua kofia. Bega lake la kushoto likaanza, halafu la kulia, na machozi yanamtiririka, akaingia uwanjani kumsindikiza ndugu yake. Wakamfuata wote. Hakuna aliyeimba. Kila ngoma ilipozunguka na ile salamu ikafika, walipunguza miguu wamwachie mjane ajibu, na yeye alijibu kila mara, hakuruka hata moja.

Dereva akapiga honi. Ilikuwa saa saba na robo.

Watu wakasimama, lakini ngoma haikusimama. Ile kitu haichoki. Haioni jeneza likibebwa, haisikii honi. Na Jeconia siku ile hakurekodi mwisho. Alisema mwisho atakuja kuupiga siku nyingine. Miaka yote Billy alikuwa anaikata tu, popote wimbo ulipoishia, bila kufikiri. Sasa alinyoosha kidole mpaka juu ya kitufe, na kidole kikagoma. Dereva akapiga honi tena. Macho yote yalikuwa kwake, na Bonyeza, mbele ya kitufe kimoja tu, alishindwa.

"Mama Celine, siwezi," alisema. "Mimi si wa kumkatiza."

Risper akaja upande wake wa kinanda. Akafuta kidole kwa leso. "Nionyeshe ni gani."

Billy akamwonyesha.

Mwanamke yule hakuwahi kugusa kinanda maishani. Alikiweka kidole juu ya kitufe bila kukikandamiza, akafumba macho, akaiacha ngoma izunguke yote, mwanzo wake, katikati yake, hakuiharakisha. Ti-ti, Jeconia akamsalimia.

"Nimeskia," akasema Risper, akabonyeza.