Pete za Chupa

Mfagiaji wa ufuo wa hoteli, hapa Rumonge, hatii chupa guniani kabla hajaivua pete, ule utepe mgumu unaobaki shingoni kizibo kikishafunguliwa. Ukucha wa dole gumba ameuacha urefuke kwa kazi hiyo. Huuchomeka, huvuta, pete ikakatika, tak, naye huiambia chupa taratibu, "Umeachika."

"Mama, chupa iko chupa tu," mpishi humtania kila siku. "Talaka zote hizo za nini?" Yeye hucheka, akaokota nyingine.

Leo asubuhi ndege mmoja, yangeyange, alisimama majini, dagaa wakimpita miguuni, naye mdomo umebanwa na pete ya buluu, hawezi kuufungua. Wageni walinyanyua simu wapige picha. Mfagiaji alivua kandambili, akamnyemelea, akamfunika kwa kitenge, akapitisha ukucha. Tak. "Umeachika, mutoto wangu." Yangeyange akamdonoa kidole, akaruka hatua tatu, akameza dagaa, kisha wa pili, kisha wa tatu.

Mfagiaji akanyonya damu kidoleni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mpishi, kuja uone," aliita. "Huyu hata eda hakai."