Mkebe wa pili wa marehemu baba

Leo shangazi amenishinda uchumi, na mnajua mimi huwa sishindwi.

Nilikuwa kijijini kwake, Quitunda, namweleza kwamba nanunua hisa za kampuni ya kupeleka vifurushi. Hela yenyewe niliahidi kuezekea jiko lake, lakini hilo sikuligusia.

Nikamtajia lucro yao, faida nono. Mtwara nimefika, Dar nimelala, mambo haya nayajua. (Nililala siku mbili, lakini nililala.)

Akaniuliza huku anakuna nazi: "Hiyo faida, wameshatoa hela ya matairi?"

Hapo nikaikumbuka mikebe.

Marehemu baba alipeleka mizigo kwa baiskeli, Palma hadi Quionga. Jioni alikuwa na mikebe miwili. Hela ya matairi na cheni mkebe wa kwanza, iliyobaki wa pili. Mtu akitaka kununua nusu ya baiskeli, baba alimfungulia wa pili tu. "Bei yangu ipime kwa huu," alisema.

Basi nikarudi kwenye celular, simu yangu, nikapiga hesabu upya. Kampuni ikishanunua pikipiki zake, kinachobaki kwa mwaka hakifiki meticali moja kwa kila mia ya bei ya hisa.

"Kaka yangu asingeinunua," shangazi akasema. "Na jiko langu lingekuwa limeshaezekwa, mwanangu."

Jumatatu tunaezeka.

Mkebe wa pili ninao mimi. Nimeufungua leo, bado unanuka grisi.

Nyinyi wazee wenu walikuwa wanaweka wapi hela zao? Semeni, nacheka nanyi huku nimemkumbuka mzee.