Gauni la Hakimu

Mtaani walimwita Mama Vifungo, kwa sababu akishona alibana vifungo midomoni, na ukimsalimu alikujibu kwa nyusi. Cherehani yake ilikaa barazani, mbele ya chumba alichopanga, na chini ya ile meza ndipo bintiye alipojifunzia kutambaa, kutembea na kuuliza maswali. Baba wa mtoto alikuwa amefariki mapema, mtoto hata sura yake haikumbuki.

Wateja wake walikuwa majirani tu. Mmoja ndiye aliyetoka mbali kidogo: dada mpole, mwembamba, hakimu katika mahakama iliyo nyuma ya soko. Alipenda magauni yenye mifuko.

Basi wifi yake Mama Vifungo, dada wa marehemu, akapeleka maombi mahakamani apewe mtoto amlee yeye. Hakuwa mtu mbaya, wifi. Alikuwa na nyumba kubwa isiyo na kelele za mtoto, na kila akimtazama yule binti alimwona kaka yake.

"Mtoto anakulia chini ya meza, wifi," alisema. "Kwangu ana chumba chake."

Tangu siku hiyo, kila usiku Mama Vifungo alikuwa akimpapasa mtoto kuhakikisha yupo.

Siku ya kesi aliingia mahakamani. Akainua macho aone nani ameketi kiti cha mbele. Mteja wake! Roho ikamtulia tuli. Gauni la bluu la hakimu huyo lilikuwa limetundikwa ukutani kwake, tayari limepigwa pasi. Karani alipoita kesi yao, furaha ikamponyoka mdomoni.

"Shikamoo dada. Gauni lako limekwisha, na mifuko nimekuwekea."

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Wifi hakucheka. Hakimu akavua miwani taratibu.

"Marahaba, fundi. Nilikuwa nataka kulisema jambo hilo mwenyewe, umeniwahi." Kisha akamgeukia wifi. "Mama, huyu ananishonea nguo na tumezoeana. Siwezi kukaa kati yenu. Najitoa. Jalada linarudi kwa mkubwa wangu, atawapangia hakimu mwingine."

Nje, Mama Vifungo alijikunja kwenye ngazi akalia. Karani, mwanamume mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akatoka kupunga upepo.

"Unalia nini, mama?"

"Aliyenijua amenikimbia."

"Hajakukimbia. Angekupa mtoto leo, wifi yako angesema nini?"

"Angesema nimemhonga gauni."

"Na angekunyima?"

Akafikiri. "Ningesema ameogopa maneno ya watu."

"Haya, futa machozi. Na hilo gauni usimpelekee."

"Lakini limekwisha, kaka."

"Likae."

Likakaa, limefunikwa shuka lisishike vumbi.

Hakimu wa pili alikuwa mzee asiyejua hata tabasamu linauzwa wapi. Alimwacha wifi aseme mpaka akaishiwa. Mama Vifungo alipotaka kudakia, mzee akainua kidole.

"Zamu yako inakuja. Naye atakaa kimya hivyo hivyo."

Na kweli ilikuja. Mama Vifungo hakukumbuka lini aliwahi kusema kwa muda mrefu namna ile bila mtu kumkatiza. Ofisa wa ustawi wa jamii naye akaeleza alivyozikuta nyumba zote mbili, na alivyoongea na mwalimu wa mtoto. Mtoto mwenyewe aliitwa ofisini kwa hakimu, wakazungumza bila mama wala shangazi. Muda wote Mama Vifungo aliona pindo la mkono wa joho la yule mzee limefumuka, linaning'inia. Vidole vilimwasha. Akavikalia.

Siku ya uamuzi mzee alisoma pole pole, akitoa sababu ya kila jambo. Nyumba kubwa ni jambo jema, alisema, na upendo wa shangazi ameuona. Lakini mtoto anakula, anasoma, ana afya, na akishtuka anamkimbilia mama yake. Abaki kwa mama. Shangazi amwone kila mwisho wa wiki. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa mahakama ya juu, na akaeleza namna ya kufanya hivyo.

Kwenye ngazi zile zile wakasimama wawili, kila mmoja akitazama viatu vyake.

"Utakata rufaa, wifi?"

"Ya nini? Angekuwa yule mwenye gauni, ningekata mpaka wanichoke. Huyu mzee hanijui, wala wewe hakujui. Na ya moyoni mwangu ameyasikia yote." Akajipangusa pua. "Jumamosi nije saa ngapi?"

"Njoo ukiamka."

Muda wa rufaa ulipokwisha pita, hakimu wa kwanza akaja kuchukua nguo yake. Akaingia ndani kuijaribu. Zipu ikagoma katikati.

"Fundi, umelipunguza?"

"Gauni ni lile lile, dada. Kesi za watu ndizo zimekunenepesha."

Wakacheka mpaka wifi, aliyekuwa barazani akimsuka mtoto, akachungulia kuuliza kuna nini. Mama Vifungo alikuwa ameacha kitambaa cha akiba pembeni, basi akabana vifungo midomoni, akaanza kufumua. Halafu akatoa vifungo mdomoni, kitu asichokifanya kwa mteja yeyote.

"Dada, ahsante kwa siku ile."

"Mbona sikukufanyia kitu?"

"Ndicho hicho ninachokushukuria," akasema, akavirudisha vifungo mdomoni, akainamia mshono.